Lugha Haihifadhiwi Berlin

Ipo orodha ya maneno 207 ambayo wanaisimu wamezunguka nayo dunia nzima. Chimbuko lake ni Mmarekani Morris Swadesh, aliyetafuta maneno ya msingi ambayo kila lugha inayo. Sasa ibebe kama ilivyo, ukakae na mzee wa Kihadzabe chini ya mbuyu, upande wa Ziwa Eyasi, Tanzania. Utamuuliza theluji anaiitaje. Utamuuliza barafu. Utamuuliza bahari, iliyo mamia ya kilomita kutoka hapo. Asali hutamuuliza, kwa kuwa haimo. Upinde haumo. Mshale haumo. Halafu urudi mjini utangaze kwamba umehifadhi lugha!

Hujahifadhi kitu. Umekusanya nyara.

Kihadzabe kina wasemaji wapatao elfu moja hivi, na hakuna lugha nyingine iliyothibitika kuwa ndugu yake. Maarifa yake hayakai mezani kumsubiri mwenye dodoso. Mhadzabe anayetafuta asali humpigia mluzi ndege, naye ndege humwongoza hadi penye nyuki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulionyesha kwamba ndege wa huko huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe kuliko wito wa Wayao wa Msumbiji. Maneno yanayosemwa njiani, ubishi wa kugawana asali, utani wa jioni: nani atavirekodi? Ni kijana aliyemo katika msafara huo, mwenye simu mfukoni.

Njia ipo, na si ya jana. Mwaka 2010, katika mradi wa mwanaisimu Steven Bird huko Papua New Guinea, wenyeji walikabidhiwa vinasa sauti wakarekodi wenyewe hadithi na mazungumzo ya kwao. Kisha msemaji husikiliza rekodi, akarudia kila kipande polepole, akakitafsiri papo hapo kwa mdomo katika lugha inayojulikana na wengi. Hapahitajiki kalamu wala shahada. Kwetu tafsiri hiyo ingekuwa ya Kiswahili, na rekodi ingeeleweka hata kama hakuna mtaalamu aliyepata makumi ya saa ya kuandika saa moja ya sauti.

Najua wasomi watakachosema: sauti itajaa upepo na milio ya mbuzi. Acheni mbuzi walie! Afadhali hadithi kamili yenye kelele kuliko maneno 207 masafi yasiyo na mwenyewe.

Na rekodi zikae wapi? Hifadhi kubwa ya lugha zilizo hatarini, ELAR, ilihama London mwaka 2021 ikaenda Berlin. Rekodi za lugha za Tanzania zimo humo. Sibezi kazi hiyo. Seva iliyo salama ni bora kuliko kaseti inayooza. Lakini mjukuu wa aliyerekodiwa ataifikia kwa bando lipi, na kwa Kiingereza kipi? Nakala ya kwanza ibaki kijijini, kwenye memori kadi zinazopita mkono kwa mkono. Na wenye lugha ndio waamue lipi lisikilizwe na kila mtu, lipi libaki la ukoo.

Sisi Waswahili nasi tusijifiche nyuma ya wazungu. Mtoto wa Kihadzabe akipelekwa shule ya bweni, lugha inayompokea darasani ni hii ninayoandikia. Tangu mwaka 1967 sensa yetu haijauliza mtu kabila lake, na sababu zake naziheshimu. Ila woga wa ukabila umetufikisha mahali tunaiogopa hadithi ya bibi. Taifa lililojengwa kwa Kiswahili halivunjwi na watu elfu moja wanaozungumza chao wakirina asali.

Vibali vya utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Basi sharti liwe moja, tena liandikwe kwa wino mzito: vifaa vibaki kwa wenyeji, wenyeji wachague cha kurekodi na walipwe kwa kazi hiyo, na nakala yenye maelezo ya Kiswahili ikabidhiwe kijijini kabla ya mtafiti kupanda ndege. Asiyekubali anyimwe kibali, hata akija na barua ya chuo gani.