Chati Ikianguka, Usikimbilie Kufuta Programu

KUTOKA KARATU
Na Paskali Amsi

Mwishoni mwa mwaka 2024 baadhi ya vijana wa hapa Karatu wanaoishi kwa dola za watalii walidhani simu zao zimeharibika. Oktoba dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,700 hivi. Desemba ikaonekana kwenye 2,400. Dereva mmoja anayepeleka wageni Ngorongoro alinijia na simu mkononi. "Mzee, hii programu imekufa. Nimeifuta, nimeipakua upya, mstari bado umelala." Nikamuuliza kama amepita benki kutazama bei ya siku. Hakuwa amepita. Programu ilikuwa nzima. Kilichovunjika ni bajeti yake.

Mjumbe hauawi, lakini wajumbe wa siku hizi sisi tunawafuta kila siku. Chati ikigoma tunaifuta, ikionyesha bei tusiyoipenda tunaifuta. Na siku inapotudanganya kweli tunaiamini, mradi mstari umepanda.

Bei ya kweli huacha nyayo kwingine: benki, duka la fedha, kwa mfanyabiashara wa jirani. Mshumaa, yaani kijiti cha bei kwenye chati, unaochomoka peke yake kwa dakika moja, kisha unaofuata ukarudi palepale, mara nyingi ni sifuri iliyopotea au nukta iliyohama. Upo pia uongo ulioandikwa kwa tarakimu sahihi. Mwaka 2009 Equity Bank ya Kenya iligawanya kila hisa yake kuwa 10. Chati isiyorekebishwa kwa mgawanyo huo itakuonyesha benki ikipoteza sehemu tisa kwa kumi za thamani yake kwa siku moja, wakati mwenye hisa hakupoteza hata senti.

Mbaya zaidi ni kosa la polepole. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha faharasa yake Januari 1982 ikiwa pointi 1,000. Kila ilipokokotolewa upya, maelfu ya mara kwa siku, kompyuta ilikata na kutupa tarakimu zilizozidi tatu baada ya nukta. Vijisehemu hivyo vikalimbikizana hadi Novemba 1983, faharasa ikasomeka 524 na ushee. Ilipohesabiwa vizuri ikarudi juu ya 1,098. Karibu miaka miwili watu walitazama soko likizama, na soko halikuwa limezama.

Sasa kwa wale wanaosumbuliwa na programu yenyewe. Vijana wengi wanatumia MetaTrader. Ikiganda au ikijizima, anza kwa kuondoa viashiria vya kuokoteza, vile vinavyorushwa kwenye makundi ya WhatsApp; hivyo huiangusha mara nyingi kuliko mnavyodhani. Halafu punguza idadi ya mishumaa inayopakiwa kwenye chati, maana kompyuta yenye RAM ndogo haibebi historia ya miaka 10 ya dakika moja moja. Ikiwa bado inasumbua, shuku faili za historia. Umeme ukikatika wakati programu iko katikati ya kuandika, faili hubaki nusu, na kila ukifungua chati inajikwaa palepale. Funga programu, nakili folda nzima ya data pembeni, ndipo ufute historia, ambayo MetaTrader 4 huiweka kwenye folda ya history na MetaTrader 5 kwenye bases. Ukiiwasha tena itazishusha bei upya kutoka kwenye seva. Usiruke hatua ya kunakili: bei ulizoingiza kwa mkono wako hazimo kwenye seva ya mtu yeyote.

Na vitunguu vya Mang'ola havina seva. Bei yake iko kwenye daftari la dalali, kwenye ujumbe wa simu, na siku hizi kwenye majedwali ya vijana wanaochora chati ya msimu ili mkulima wa bonde la Eyasi ajue auze lini. Kazi nzuri, nawapongeza. Lakini tazama safu za majedwali hayo: tarehe, soko, bei ya gunia. Gunia lipi? Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao lizidi kilo 100, ila lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, tunaijua sote. Tuseme gunia ni shilingi 120,000. Likiwa na kilo 100, mkulima amelipwa 1,200 kwa kilo. Likishonewa kilemba mpaka likafika kilo 140, amelipwa pungufu ya 860. Kwenye chati siku hizo mbili zimelingana, mstari umenyooka kama rula, na kilo 40 zimeondoka na lori. Hakuna programu itakayokupigia kengele hapo, kwa sababu kwake 120,000 ni 120,000. Huwezi kulirekebisha kosa hilo baadaye pia, kwa kuwa uzito haukuandikwa popote.

Kwa hiyo ninyi madalali, maofisa biashara wa halmashauri na vijana wa majedwali: ongezeni safu moja tu msimu huu, ya kilo zilizosomwa kwenye mizani. Nawe mkulima, bei usiyotajiwa kilo zake usiipokee.