Jumba la Lamu Lilijengwa kwa Ajili ya Mgeni

Apitaye vichochoro vya Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe katika Mji wa Kale wa Lamu, huona kuta ndefu tupu pande zote mbili, na mara nyingi hukata shauri papo hapo: hizi ni nyumba za kujificha. Waongoza watalii husema hivyo. Wanunuzi nao husema hivyo, kisha huwaambia mafundi watoboe madirisha njiani na kuangusha kuta za ndani, ati nyumba ipate kufaa kwa karamu na wageni.

Rai hiyo haikuzuka bure. Ukuta wa njiani ni mtupu kweli. Vyumba ni vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari hazifai kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Heshima ya waungwana wa karne ya 18 ilitaka wake na mabinti wasionwe na watu baki, na starehe ya ghorofani ilitegemea jasho la watumwa waliokaa chini. Haya ni kweli na hayafai kufichwa. Lakini ingawa nyumba ilisitiri watu wake, haifuati kwamba iliwafungia wageni mlango. Mpangilio wake wenyewe unakataa.

Kwanza, ukarimu huanzia nje. Mbele ya mlango pana daka, kibaraza chenye viti vya mawe kila upande, ambapo mwenye nyumba huketi na wenziwe kwa kahawa na mazungumzo. Ndani ya mlango ipo tekani, kibaraza cha ndani, na aghalabu karibu nayo huanza njia ya kwenda sabule, chumba cha wageni. Mfanyabiashara aliyeletwa na upepo wa kaskazi huenda akangoja miezi hadi kusi ianze kuvuma. Sabule ilimwezesha kulala, kula na kupokea watu wake bila kuingilia familia, na familia bila kumbughudhi. Ni nani ajengaye chumba cha namna hiyo kama hataki wageni?

Pili, na hapa ndipo penye uzito, ule wembamba wa vyumba una kazi yake. Simama kiwandani, uani penye mwanga, utazame ndani. Mbele yako ni msana wa tini, ukumbi mwembamba wa kwanza, nyuma yake msana wa yuu, kisha chumba kiitwacho ndani, vyote vikifuatana sambamba. Sakafu hupanda kidogo kila unaposogea, na mwanga hupungua pole pole. Kati ya misana hamna milango ya kufunga. Kuna nafasi pana zinazoweza kutiwa mapazia. Mwisho wa macho huwa ukuta wa vidaka, yaani vishubaka, safu juu ya safu, vilivyochongwa kwa plasta ya chokaa na kuwekwa sahani na mabakuli ya Kichina. Hapo ndipo bibi harusi alipokalishwa amepambwa, wanawake wa mji wakaja kumtazama. Ukumbi mmoja mpana ungeonyesha kila kitu mara moja. Hapa mgeni husogezwa hatua kwa hatua, kwa kadiri ya ukaribu wake na wenyeji. Kubomoa kuta hizo ili kupata sebule kubwa ni kuufuta mpango mzima wa kukaribisha.

Huenda mtu akajibu kwamba wanawake wenyewe hawakuwa na mahali pa kukutania. Mipaka yao ilikuwa mikali, nakubali. Hata hivyo, tazama juu uone wikio, kijumba kinachovuka njia na kuunga nyumba mbili ghorofani. Kwa njia hiyo walitembeleana bila kukanyaga barabara.

Tatu, mambo madogo. Katika choo cha nyumba njema mna birika la maji, na ndani yake vijisamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, katika sakafu ya birika, hujengewa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kuponea. Mtu aliyeufikiria usafi wa maji kiasi hicho hakuwa akijenga pango la kujifichia.

Ushahidi mwingine unatoka kisiwa jirani cha Pate. Mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika shairi lake Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha ukubwa wa maangamizi ya Pate, alitaja majumba yaliyokuwa yaking'aa taa na kujaa watu.

Wengine hulalamikia joto; kuhusu hilo sitakawia. Ukuta wa matumbawe wenye unene wa karibu nusu mita, ukipakwa chokaa, hukawiza joto la mchana na kupumua. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani na plasta huanza kumeguka. Anayelalamikia fukuto na ukungu aulize kwanza ni lini saruji ilipakwa.

Basi anayenunua jumba la aina hii ili aishi vizuri na kualika watu, nyundo aiweke chini kwanza. Aondoe makorokoro yaliyorundikwa dakani, aifungue njia ya sabule kama ilizibwa, aite fundi anayejua chokaa, kisha aalike watu jioni na kuwaketisha msanani, nyuso zao zikielekea kiwandani. Baada ya hapo ndipo aamue kama kuna ukuta unaostahili kuangushwa.