Watoto Wangu Katika Nyumba ya Masanamu



Tangu turudi Gatete kutoka Ubelgiji, swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote si la baridi wala la nauli ya ndege. Ni hili: kwa nini mliwapeleka watoto kwenye nyumba ya masanamu? Mzee mmoja wa jamaa zetu, mtu ninayemheshimu na aliyenifundisha Juzuu Amma nikiwa mdogo, aliniuliza mbele ya watu barazani, tena kwa masikitiko, si kwa hasira. Nilimjibu maneno mawili matatu ya adabu nikanyamaza. Leo nataka nijibu vizuri, kwa sababu zipo familia nyingine zitakazosafiri inshaallah, na wanafunzi wetu walioko Ulaya nao wanajiuliza hayo hayo.

Kaka yangu anaishi Brussels na alituita kwenye nikaha ya binti yake, Julai 2023. Nikaha ilipokwisha tukabaki na siku chache mkononi. Vijana wa kaka walitaka kuwapeleka watoto wangu kwenye mabembea na treni za kuzunguka hewani. Mume wangu akasema hapana, twendeni Tervuren, kwenye jumba la makumbusho la Afrika. Alikuwa amesikia habari zake tangu shuleni, kwa mwalimu wa historia, na alitaka kuliona kwa macho yake.

Mtu anapanda tramu namba 44 pale Montgomery, inapita katikati ya msitu mkubwa wa miti mirefu, inakushusha mwisho wa njia. Tulibeba chapati na sambusa za wifi yangu ili tusihangaike na chakula cha halali. Jumba lenyewe ni kama kasri. Mfalme Leopold wa Pili ndiye aliyeamuru lijengwe, msanifu akiwa Mfaransa Charles Girault, na likafunguliwa mwaka 1910, Leopold akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Lilifungwa kwa matengenezo mwishoni mwa 2013, likafunguliwa tena Desemba 2018. Siku hizi unaingilia jengo jipya la vioo, unashuka chini ya ardhi, unapita ukumbi mrefu ambamo umelazwa mtumbwi mmoja wa mti wenye urefu wa mita 22 na nusu. Kijana wangu wa miaka tisa, ambaye babu yake ni mvuvi wa ndagala, aliuzunguka mara mbili kisha akauliza injini inafungwa wapi.

Sasa nirudi kwa swali la mzee. Mimi si sheikh, na haya ni maoni ya mama wa watoto watatu. Lakini nilivyofundishwa madrasa, kuchonga sanamu ni jambo moja, kuiweka nyumbani ukaitukuza ni jambo jingine, na kuitazama ukajua waliotangulia waliishi vipi ni jambo la tatu. Hadithi ya pazia la Bi. Aisha (R.A.) naijua, na ndiyo sababu nyumbani kwangu hakuna kinyago ukutani. Lakini Amr bin al-As (R.A.) aliingia Misri karibu na mwaka 640, na yale masanamu makubwa ya mafirauni yapo hadi leo, karne kumi na nne Waislamu wakipita mbele yake na kuswali swala zao. Na Qur'ani yenyewe inatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliokuwa kabla yetu. Utaangaliaje ukiwa umefumba macho? Anayeona tofauti na mimi nakubali ana hoja, na asiende. Ila asiwaambie watoto wangu kwamba wamefanya ushirikina kwa kutazama.

Isitoshe, vinyago havikuwa shida yetu siku ile. Watoto walivipita kwa mwendo wa kawaida, na walichokipenda kuliko vyote ni tembo aliyekaushwa. Shida ilikuwa ukumbi mkubwa wa mviringo.

Katika ukumbi huo kuna masanamu yaliyowekwa na Wabelgiji wenyewe zamani, mengine yamepakwa rangi ya dhahabu. Moja linaonyesha Ubelgiji ikiileta Kongo ustaarabu. Na moja, kazi ya mchongaji Arsène Matton, linaitwa Utumwa: ni mfanyabiashara wa watumwa wa Kiarabu pamoja na Waafrika anaowatesa. Jumba haliwezi kuyaondoa kwa kuwa jengo zima limelindwa kisheria kama urithi, kwa hiyo wametundika mbele ya masanamu hayo vitambaa vyepesi vyenye picha mpya, kazi ya wasanii wawili, Mkongo Aimé Mpane na Mbelgiji Jean Pierre Müller. Sanamu unaiona, lakini unaiona kupitia picha inayoijibu. Nilipenda fikra hiyo kuliko nilivyotegemea.

Binti yangu mkubwa ana miaka kumi na nne. Alisimama pale muda mrefu, halafu akaniuliza kwa Kiswahili, polepole ili watu wasisikie ingawa hakuna ambaye angeelewa: "Mama, huyu ndiye sisi?"

Wasomaji wa Rumonge na Nyanza-Lac mnajua kwa nini aliuliza. Shuleni watoto wetu huitwa Waswahili, na kuna wakati neno hilo hutamkwa vizuri na kuna wakati hutamkwa kama tusi. Babu wa babu yake alifika ufukweni mwa ziwa hili akitokea upande wa Ujiji, pamoja na misafara. Msafara ulibeba nini? Nyumbani kwetu hadithi husema chumvi, vitambaa na pembe. Nami nilipokuwa mdogo niliambiwa hivyo hivyo, na sikuuliza zaidi, kwa sababu uso wa bibi ulikuwa unafunga mlango.

Nilimjibu ukweli ninaoujua. Kwamba Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha pembe na cha watu. Kwamba Muhammad bin Khalfan, tuliyezoea kumwita Rumaliza, alikuwa na nguvu pwani yote ya ziwa letu katika miaka ya 1880, na alijaribu kuingia Burundi kwa bunduki hadi watu wa Mwami Mwezi Gisabo wakamzuia. Kwamba watu waliuzwa, na waliouza walikuwa wanaswali. Hilo la mwisho lilinichoma kulitamka. Lakini nilimwambia pia ambalo sanamu ya Matton hailisemi: kwamba mwaka 1887 Leopold huyo huyo alimwajiri Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, kuwa liwali wake kule Stanley Falls, Kisangani ya leo, kisha miaka mitano baadaye maofisa wake wakawapiga vita Waarabu wakisema wanakomesha utumwa, huku raia wa Kongo wakilazimishwa kuchuma mpira kwa viboko na risasi. Aliyeweka sanamu ile alikuwa na sababu zake za kuonyesha dhambi ya mwingine kwa dhahabu.

Na babu wa babu yake? Nilimwambia sijui alikuwa mwenye msafara, mpagazi, au mmoja wa waliofungwa. Akatafakari, akasema, "Basi anaweza kuwa yeyote hapo." Mume wangu akageuka upande mwingine akajifanya anasoma kibao.

Hapo ndipo penye hoja yangu, ndugu zangu. Sisi Waislamu wa pwani ya Tanganyika tumewaachia wengine kazi ya kuwasimulia watoto wetu habari hii. Wanaisikia darasani kwa mwalimu ambaye hana ubaya lakini ana ukurasa mmoja tu wa kitabu, au wanaiona katika sanamu ya mkoloni. Sisi wenyewe tunasema chumvi na vitambaa. Mtoto akija kujua nje, hatatukasirikia sisi peke yetu. Ataitazama na dini kwa jicho la wasiwasi, akidhani tulificha kwa ajili ya dini. Nani atamlaumu?

Katikati ya ukumbi ule ule zipo kazi mbili za Mpane za mbao zinazotazamana. Moja ni kichwa cha Mwafrika chenye uhai, nyingine ni fuvu. Fuvu hilo ni la chifu Lusinga, Mtabwa wa ng'ambo ya ziwa letu, kusini zaidi, upande wa Mpala. Desemba 1884 askari wa ofisa wa Kibelgiji Émile Storms walivamia kijiji chake wakamuua na kumkata kichwa. Storms akalichukua fuvu hadi Ubelgiji, na sanamu ya mbao ya ukoo wake vilevile. Sanamu iko katika hazina ya jumba la Tervuren, na fuvu halisi lilihamishiwa taasisi nyingine ya sayansi hapo Brussels. Lusinga naye hakuwa malaika, aliteka watu na kuwauza ili apate bunduki. Lakini kichwa cha mtu! Sanamu ya Storms iliyokuwa katika bustani moja ya Brussels iliondolewa mwaka 2022.

Nikamkumbuka mzee wetu. Anauliza kwa nini watoto wameona masanamu, na swali ni la haki. Langu ni kwa nini mfupa wa jirani yetu wa ziwani haujazikwa, na mbona hilo hatujawahi kuliongelea barazani hata siku moja.

Kuna chumba kingine nilichokaa peke yangu huku mume wangu akiwanunulia watoto maji. Ukutani yameandikwa majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kabla ya 1908. Mkabala wake, msanii wa Kinshasa Freddy Tsimba ameandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongo saba. Hao ni miongoni mwa watu 267 walioletwa Tervuren mwaka 1897 kuwekwa katika vijiji vya maonyesho, watazamwe na wageni kama wanyama. Saba walifariki. Ekia, Gemba, Zao na wenzao. Jua likitoka, kivuli cha majina yao kinaanguka juu ya majina ya wale wengine. Siku ile mawingu yalikuwa mengi, nikangoja. Jua lilitoka kama dakika moja.

Tuliswali adhuhuri bustanini, nyuma ya jumba, juu ya shuka la wifi. Bibi mmoja Mbelgiji alimzuia mbwa wake asitusogelee mpaka tulipotoa salamu. Tukala chapati. Watoto wakakimbizana.

Nasikia wengine wakisema: vitu vile virudishwe kwanza, ndipo twende kuvitazama. Hoja hiyo naiheshimu. Jumba lile lina zaidi ya vitu 100,000 vya mikono ya Waafrika. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha mali zilizochukuliwa wakati wa ukoloni, na Juni mwaka huo Mfalme Philippe alikwenda na kinyago cha Wasuku, Kakuungu, akakikabidhi kwa makumbusho ya Kinshasa. Alikikabidhi kwa mkopo usio na muda. Mwenye mali anakopeshwa mali yake! Hata hivyo, sioni tutakavyodai kitu tusichokijua. Hazina ya samaki wa Tanganyika iliyotumiwa na mtaalamu wao Max Poll, aliyekuwa katika safari ya utafiti ya 1946 na 1947 ziwani kwetu, iko huko huko. Hata mikeke wetu wana viza kabla yetu.

Wala si lazima kupanda ndege. Gitega kuna makumbusho ya taifa tangu 1955, na ni wangapi kati yetu wameingia? Sisi familia yangu hatujaingia, nakiri. Bujumbura kuna Musée Vivant. Ujiji si mbali kwa wenye jamaa Kigoma. Baba akae na mwanawe mbele ya kitu, kitu chochote cha kale, aseme analolijua na akiri asilolijua. Na wazee wetu waliobaki, wale walioambiwa na babu zao, waulizwe sasa wakiwa hai, hata kama uso utafunga mlango. Nimeanza na mama yangu mkubwa. Mara ya kwanza alinipa chai. Mara ya pili alinitajia jina la mwanamke ambaye sikuwahi kulisikia katika ukoo wetu, akasema huyo "alinunuliwa Ujiji kwa vitambaa," kisha akaniomba nimfungie dirisha. Nitarudi tena wiki ijayo.

Siku tuliyorudi, kutoka Bujumbura kuja kwetu, gari lilipofika Mugere, kama kilomita kumi tu kutoka mjini, binti yangu aliomba tusimame kwenye lile jiwe. Nimepita pale maisha yangu yote kwenye basi na sijawahi kushuka. Limechorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Huyo Stanley, karatasi zake zinahifadhiwa Tervuren. Binti alisoma majina yale mawili, akalizunguka jiwe lote mpaka nyuma, akapapasa kwa mkono.

"Unatafuta nini?" baba yake akamuuliza.

"Waliobeba mizigo," akasema.

Wassalaam alaykum warahmatullah.