Woodward na Jezi ya Mwenziwe

Enyi vijana mchezao mpira, nanyi wazee mnaopanga timu, nawaomba mnisikilize kidogo juu ya mtu mmoja, Vivian Woodward.

Alizaliwa London mwaka 1879, akawa msanifu majengo, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Mpira aliucheza bila mshahara, kwanza Tottenham, kisha Chelsea. Hata hivyo aliifungia England mabao 29 katika mechi 23, na akiwa nahodha wa Uingereza alitwaa dhahabu ya Olimpiki mara mbili, 1908 na 1912.

Siwasihi mcheze bure. Woodward alikuwa na meza yake ya kuchorea ramani. Mtoto wa maskini ana miguu yake tu, na amnyimaye ujira wake anamdhulumu. Ninalowasihi ni lile alilolifanya Aprili 1915.

Vita vilikuwa vimepamba moto, naye alikuwa jeshini. Chelsea ikafika fainali ya Kombe la FA kwa mara ya kwanza, Woodward akapewa ruhusa aje acheze. Mshambuliaji wao wa kati katika safari ile alikuwa Bob Thomson, mtu wa jicho moja. Woodward akakataa kumtoa. Umri wake ulikuwa miaka 35, kombe lile hakuwahi kulitwaa, na alijua nafasi kama ile hairudi. Bado alikataa.

Sisi je? Siku ya fainali mwenye jina akishuka tu garini, kijana aliyetokwa jasho mazoezini tangu masika huambiwa avue jezi. Huivua mbele ya wenzake, akaikunja taratibu, akaiweka benchi, macho yake yakitafuta pa kutazama. Wazee wangu, acheni jambo hili! Nawe mwenye jina, usingoje kocha akuzuie. Mwambie mwenyewe kwamba nafasi ina mtu.

Najua nitajibiwa kwamba Chelsea ilifungwa na Sheffield United 3-0 pale Old Trafford, na pengine Woodward angeliokoa jahazi. Pengine. Lakini jahazi lile Thomson alilipiga makasia tangu raundi za mwanzo, na haki ya kuwamo lilipozama ilikuwa yake.

Woodward alirudi jeshini. Mwaka uliofuata bomu la mkono lilimjeruhi vibaya paja, naye hakucheza ligi tena.