Nani Aliwaambia Rekoda ni Kichezeo?

Kuna kauli moja imenichosha. Kila nikitaja rekoda mbele ya watu waliosoma, watu wenye shahada na kazi nzuri, jibu ni lile lile: "Si ile filimbi ya plastiki ya watoto?" Halafu kicheko. Mhariri mmoja (simtaji, bado nahitaji kula) nilimpelekea wazo la makala kuhusu vikundi vya Ulaya ambavyo kazi yao ni kupiga ala hii tu. Akaniambia niipeleke kwa ukurasa wa watoto!

Basi tuongelee hapa, ambapo hakuna wa kunikata.

Mtaala wa CBC ulipofika darasa la nne mwaka 2020, wazazi wengi Kenya walijikuta wananunua rekoda. Walilalamika, na siwalaumu hata kidogo. Mtoto anarudi nyumbani, anapuliza, jirani anafunga dirisha. Muhula ukiisha filimbi iko chini ya kitanda pamoja na soksi zilizopotea. Kisha tunahitimisha kwamba ala yenyewe ni takataka.

Hebu chukua kwaya yoyote unayoijua. Ondoa besi. Ondoa teno. Ondoa alto. Bakisha soprano arobaini, wote waimbe sauti moja, na nusu yao hawaujui wimbo. Utakaa hadi mwisho wa ibada? Hivyo ndivyo tunavyofundisha rekoda. Ile ndogo ya shuleni ni mtoto mmoja tu wa ukoo mkubwa. Kuna alto, kuna teno, kuna besi, na kuna nyingine zinazomzidi mpigaji urefu. Ala hizi zilitengenezwa ziimbe pamoja, kama kwaya. Tumemtoa mmoja nyumbani kwao, tumemzidisha mara arobaini, halafu tunashangaa anapiga kelele.

Tena rekoda haina huruma. Ukipuliza kwa nguvu sauti inapanda, ukipuliza kwa woga inashuka. Na kwa kuwa sauti yake ni safi, haina mikwaruzo ya kufichia kosa, rekoda mbili zikitofautiana kidogo tu sikio linazisikia zikigombana. Zikipatana sawasawa, unaweza kusikia noti ya tatu, ya chini, ambayo hakuna anayeipiga! Watu wazima hukesha miaka wakitafuta upatanifu huo. Sisi tunaudai kwa mtoto wa miaka kumi, Jumanne, saa nane mchana, kwa mwalimu ambaye mwenyewe alikabidhiwa rekoda wiki iliyopita.

Na hao watu wazima si hadithi. Mfalme Henry VIII wa Uingereza aliwaleta ndugu wa ukoo wa Bassano kutoka Venice, wakaanza kazi kwake karibu na mwaka 1540. Walilipwa mshahara wa ikulu kwa kupiga rekoda, na kundi lao likarithishana kizazi kwa kizazi hadi miaka ya 1630 hivi. Mfalme alipokufa mwaka 1547, orodha ya mali yake ilikuwa na rekoda 76. Huyo naye alikuwa darasa la nne?

Karne ya 18 okestra zikawa kubwa, zikataka ala zenye kishindo, na rekoda ikasukumwa pembeni na filimbi ile ya kushikwa kwa ubavu. Ikalala. Arnold Dolmetsch alitengeneza yake Uingereza mwaka 1919, na miaka ya 1930 ndipo ikaanza kusambaa shuleni. Plastiki ilifuata baadaye, kwa sababu ya bei. Yaani ile mnayoiona kama ndiyo asili ya kitu chenyewe ni kitukuu.

Waholanzi ndio waliokataa dharau hii. Frans Brüggen aliipiga kwa ukali kiasi kwamba Luciano Berio akamwandikia kazi, Gesti, mwaka 1966. Mwaka 1972 Brüggen na wenzake wawili, Kees Boeke na Walter van Hauwe, wakaunda Sour Cream. Mwaka 1978 wakaja vijana wanne wa Amsterdam Loeki Stardust Quartet. Hao nawapenda zaidi, kwa utundu wao. Mwaka 1981, katika mashindano ya muziki wa kale mjini Bruges, mbele ya majaji waliokuja kusikiliza mambo ya karne zilizopita, wakapiga Stevie Wonder! Waliendelea hadi 2007. Ubelgiji kulikuwa na Flanders Recorder Quartet, 1987 hadi 2018: miaka thelathini na mmoja jukwaani. Royal Wind Music ya Amsterdam, iliyoanzishwa 1997, ina rekoda ya sentimita 15 na nyingine ya mita tatu katika kundi moja. Na kuna besi za Herbert Paetzold, za mbao bapa, za pembe nne, ambazo usipoambiwa utadhani ni kabati limeota matundu. Sauti yake unaisikia tumboni.

Sasa najua wenzangu wa Afrika-kwanza wameshanoa kalamu. Kwa nini watoto wetu wafundishwe filimbi ya Wazungu wakati Wadigo wana chivoti? Swali zuri, nakubaliana nalo. Leteni chivoti darasani hata kesho. Lakini niambieni, mtamfundisha nani chivoti kwa mtindo huu huu, arobaini kwa pamoja, bila mwalimu anayeijua na bila kumsikia fundi hata mara moja? Miaka mitano tu na chivoti nayo itakuwa chini ya kitanda.

Mwalimu mwenye simu anaweza kuwasikilizisha watoto dakika tano za Loeki Stardust kabla ya kuwaambia wazibe tundu la kwanza. Hilo halihitaji waziri. Baada ya hapo shule inunue alto mbili, teno mbili na besi moja, zikae stoo, watoto wazipokezane. Mpira tunanunua kila mwaka, na hakuna anayeuliza ni mtoto gani atachezea Arsenal. Ikitajwa rekoda ya besi ndipo tunakumbuka kwamba hela hakuna.