NENO LA MWEZI: "OBSOLETE"

Neno letu la mwezi huu ni "obsolete". Tamka: obsoliit. Maana yake ni kitu kilichopitwa na wakati, hakitumiki tena kwa sababu kingine kimechukua nafasi yake.

Mfano ambao wengi tunaujua ni feza ya Zaire. Noti za zaire zilianza 1967, zikaja zaire mpya 1993, halafu mwaka 1998 ikaingia franka ya Kongo. Leo ukienda na zaire sokoni hupati hata nyanya moja. Tunasema: "Zaire notes are obsolete."

Hata sheria inaweza kuwa hivyo. Hapa Uganda, sheria ya wakimbizi ya 1960 iliondolewa na Sheria ya Wakimbizi ya 2006, ambayo inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na kutembea. "The 1960 law is obsolete."

Ukipeleka simu Mbarara, fundi anaweza kukwambia: "This model is obsolete." Hajasema simu imekufa. Anasema aina hiyo haitengenezwi tena, kwa hiyo spea zake ni shida. Uliza bei kwanza.

Sasa angalieni, msichanganye na "expired". Hiyo ni kitu chenye tarehe, na tarehe imepita. Dawa ikiwa "expired", usinywe. Lakini kadi yako ikiwa "expired", usiitupe! Nenda nayo ofisini uombe nyingine.

Pia "obsolete" siyo "old". Kuna wazazi wamefungia diploma zao sandukuni wakisema, "Hii iliandikwa Zaire, haina kazi tena." Hapana. Nchi ilibadili jina 1997, lakini masomo uliyosoma ni yale yale. Jina la Zaire ndilo "obsolete". Diploma ni "old" tu. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ndilo linalolinganisha vyeti vya sekondari vya nje na vya hapa. Basi mama, baba, toa hiyo karatasi, tengeneza fotokopi, na ile yenyewe ikinge na mvua.

Kazi ya nyumbani: ni "old", "expired" au "obsolete"?
1. Kanda ya video.
2. Panadol iliyopita tarehe.
3. Jerikeni ya miaka mitano ambayo bado haivuji.

Majibu mwezi ujao. Msomeshe na jirani!