Mnunuzi aambiwe gharama zote kabla hajatoa arbuni

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Mombasa, na wanunuzi wa ploti wakija huniuliza kwanza: "Wakili anachukua ngapi?" Wana haki ya kuuliza, lakini ada ya wakili ni kipande tu cha hesabu.

Tuseme ploti ni ya Kisauni, bei shilingi 1,500,000. Kanuni za malipo ya mawakili za 2014 zinataja asilimia 2 kwa mali isiyozidi milioni 5, ila ada haishuki chini ya 35,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 16 unafika 40,600. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4, yaani 60,000, nazo ni za serikali. Mteja akipewa karatasi yenye jumla moja tu, atatoka akiamini wakili kamla zaidi ya laki. Jirani akisikia hivyo anaona heri waandikiane kwa mzee wa mtaa. Ploti anaijenga, lakini kwenye masjala ya ardhi jina linabaki la muuzaji, na muuzaji akifariki warithi wake wanakuja kudai.

Nilimpokea mama mmoja muuza samaki aliyekwisha kutoa arbuni ya asilimia 10. Mkopo wa chama ulitosha bei iliyobaki, shilingi kwa shilingi. "Mwanangu, hizi elfu sitini zimetoka wapi?" aliniuliza, mkataba ukiwa mkononi, siku 90 za kukamilisha malipo zikiwa zinahesabika. Hakuna aliyemtajia ushuru huo kabla hajatia saini, si dalali wala muuzaji. Jambo hilo linaniudhi hadi leo.

Shida ikifika hapo, huzuka ushauri wa kuandika bei mbili: nusu kwenye mkataba, nusu chini ya meza. Tafadhali usikubali. Kwanza ni kukwepa kodi. Halafu mthamini wa serikali ana makadirio yake, na yakizidi bei iliyoandikwa, ushuru utalipwa kwa hayo. Mauzo yakivunjika, utadai vipi pesa zisizo kwenye mkataba? Na siku utakapouza wewe, faida itahesabiwa kuanzia ile bei ndogo, ukatwe kodi ya faida kubwa kuliko uliyopata.

Kodi hiyo ni asilimia 15 tangu Januari 2023. Awali ilikuwa 5. Kisheria ni ya muuzaji, lakini wengi husema, "Nataka zangu safi mkononi." Maana yake mnunuzi ailipe. Ukikubali, iwe umeshapiga hesabu na bei imeshuka.

Shamba ushuru wake wa stempu ni asilimia 2, lakini lazima bodi ya udhibiti wa ardhi itoe idhini, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba.

Ninachotaka ni karatasi moja kabla ya arbuni: ada ya wakili mstari wake, VAT wake, ushuru wa stempu wake, upekuzi wa hati na usajili vivyo hivyo, na jina la atakayelipa kila kimoja. Chama cha Wanasheria kingeweza kuwalazimisha wanachama wake kuitoa. Kwa sasa, mnunuzi aidai mwenyewe, na asiyepewa asitoe hata shilingi.